Nzi Ageuzaje Macho Yasiyogeuka?

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kumvizia nzi aliyetua mezani. Wainua mkono polepole, washusha kofi kwa nguvu, na faida unayopata ni kiganja kuuma tu. Mwenyewe amekwisha kwenda zake. Ametua ukingoni mwa bakuli na kusugua mikono kama mtu anayenawa kabla ya kula. Watoto wacheka, nawe wasema: "Huyu ana macho mpaka kisogoni!"

Hukukosea sana. Macho ya nzi yamechukua sehemu kubwa ya kichwa chake, hata aona mbele na kando, juu na chini, na karibu nyuma yote. Lakini leo natamani tutazame jambo lililofichika zaidi. Siku utakapompata nzi aliyekufa dirishani, mchukue umtazame machoni. Hana kope. Hana weupe wa jicho wala mboni ya kuzungusha. Jicho lake ni gamba gumu lililoungana na kichwa, kama shanga iliyobandikwa katika nta. Wewe ukitaka kumtazama mgeni aliyeketi kando yako bila kugeuza shingo, wazungusha macho tu. Nzi je, afanyeje?

Kwa muda mrefu watu wengi walijibu hivi: nzi hawezi kugeuza macho, akitaka kutazama kwingine hana budi kugeuza kichwa au mwili mzima. Jibu hilo ni nusu ya kweli, maana nzi ana misuli ya shingo naye huitumia sana. Nusu ya pili imo ndani ya jicho lenyewe, nayo ndiyo habari yetu ya leo.

VIJICHO VINGI KATIKA JICHO MOJA

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kitabu chenye picha za vitu vidogo alivyoviona kwa darubini. Mojawapo ya picha hizo ilikuwa kichwa cha nzi, na jicho lake halikuwa kitu kimoja laini kama jicho letu, bali lilijaa vijicho vidogo vilivyopangwa safu kwa safu. Mtu aliyepata kurina asali ataelewa upesi, kwani jicho hilo limefanana na sega la nyuki: vyumba vingi vyenye pembe sita, vimebanana, hakuna nafasi kati ya kimoja na kingine.

Nzi wa nyumbani ana vijicho zaidi ya 3000 katika kila jicho. Yule nzi mdogo sana azungukaye ndizi zilizoiva na vyombo vya pombe, aitwaye nzi wa matunda, ana 750 hivi katika kila jicho. Kila kijicho kina lenzi yake juu, yaani kioo kidogo kikusanyacho nuru. Chini ya lenzi zimo chembe nane zipokeazo nuru na kupeleka habari kwenye ubongo. Chembe za vijicho vyote zikichukuliwa pamoja zafanya tabaka moja lililo nyuma ya lenzi. Tabaka hilo wataalamu huliita retina. Nasi binadamu tunayo retina yetu, imetandazwa ndani ya jicho upande wa nyuma.

Lakini kuwa na vijicho vingi si kuona vizuri kuliko mtu. Nyosha mkono wako mbele, uinue dole gumba. Upana wa dole hilo katika urefu wa mkono ni nyuzi 2 hivi, ukihesabu duara zima la kukuzunguka kuwa nyuzi 360. Katika nzi wa matunda, upande utazamwao na kijicho kimoja na ule utazamwao na jirani yake hupishana kwa nyuzi 5 hivi. Maana yake ni kwamba kitu chenye upana wa madole gumba mawili mbele yako, kwake yeye chaweza kuwa nukta moja tu. Wewe wamtambua jirani yako akiwa bado mbali njiani. Nzi auona ulimwengu kama picha iliyosukwa kwa ukili mpana wa mkeka. Umbo kubwa laonekana, mambo madogomadogo yamepotea.

Jicho la namna hiyo, lenye nukta chache, kama lingekaa kimya kabisa lingekuwa jicho dhaifu sana. Hata hivyo nzi huruka kati ya majani bila kujigonga, hutua chini juu darini, na hukukimbia kabla kofi halijafika. Iko siri.

JARIBU MACHO YAKO KWANZA

Ili kumwelewa nzi yafaa kwanza kujua macho yetu yafanyavyo kazi. Kila jicho la mtu huzungushwa na misuli sita. Kazi ya misuli hiyo waweza kuiona bila chombo chochote.

Jaribio la kwanza: mkisafiri kwa basi, mtazame usoni mwenzako aliyekaa dirishani akiangalia miti ya njiani. Utaona macho yake yanaufuata mti mmoja polepole, kisha yaruka ghafula, yashika mti mwingine na kuufuata nao. Yeye mwenyewe hana habari kwamba macho yake yafanya hivyo.

Jaribio la pili: mwambie mtoto atazame ncha ya kidole chako, nawe ukisogeze taratibu mpaka karibu na pua yake. Macho yake mawili yatasogeleana kuelekea puani. Kwa jinsi macho yanavyosogeleana ubongo hupata kujua kitu ki mbali au ki karibu.

Jambo la tatu halionekani kwa urahisi, lakini limepimwa kwa vyombo. Hata ukikazia macho kitu kimoja kisichosogea, kama taa iliyo mezani, macho yako hayatulii kabisa. Yarukaruka kidogo kidogo.

Basi yashike mambo haya matatu: kufuata, kuruka kidogo, na kusogeleana. Tutayakuta tena mbele.

DIRISHA HALISOGEI, MTU NDIYE ASOGEAYE

Sasa turudi kwa nzi. Fikiri nyumba ya udongo yenye dirisha dogo. Umesimama katikati ya chumba, na kwa dirisha hilo wauona mwembe. Ukipiga hatua moja kwenda kulia, mwembe wapotea, nawe waanza kukiona kisima kilicho upande wa kushoto. Ukipiga hatua kwenda kushoto, wauona upande wa kulia wa uwanja. Dirisha limekaa palepale lilipojengwa na fundi. Kilichosogea ni mtu aliye ndani.

Hiyo ndiyo namna ya nzi. Lenzi zake ni madirisha yaliyojengwa ukutani, hayasogei asilani. Lakini retina iliyo nyuma ya lenzi yaweza kuvutwa. Ikisogezwa upande huu, vijicho vyote pamoja vyaanza kutazama upande ule. Anayemtazama nzi kwa nje haoni kitu, kwa kuwa gamba la jicho limetulia vilevile. Kumbe ndani retina nzima imesogea.

Mvutaji ni nani? Ni misuli. Kila jicho lina misuli miwili, myembamba sana. Mmoja watoka kwenye kiunzi kigumu kilicho ndani ya kichwa cha nzi, kifanyacho kazi kama mifupa yetu. Mwingine watoka karibu na shina la papasi, yaani zile pembe ndogo ambazo mdudu hunusia. Yote miwili hufika kwenye ukingo wa retina. Ikikazwa huvuta, ikilegezwa huachia. Na kwa kuwa imeshika kutoka pande mbili mbalimbali, ikifanya kazi pamoja yaweza kuipeleka retina huku na huku, si katika mstari mmoja tu.

MAPIGO KAMA YA SAA

Misuli hii ilijulikanaje? Katika miaka ya 1960 wataalamu walikuwa wakiingiza nyaya nyembamba mno katika kichwa cha nzi, nyuma ya jicho, ili kusikiliza umeme mdogo upitao katika mishipa ya fahamu. Pamoja na habari nyingine walizozipata, walisikia mapigo ya ajabu. Hayakuwa ya fujo kama mapigo mengine, bali yalifuatana kwa taratibu moja, tiki, tiki, tiki, hata wakayaita mapigo ya saa. Nani apigaye saa ndani ya kichwa cha nzi?

Mwaka 1970 Burtt na Patterson, wataalamu wa Uingereza, waliandika habari ya msuli ulio ndani ya jicho la mdudu. Na mwaka 1971 Roland Hengstenberg, katika mji wa Tübingen huko Ujerumani, alieleza asili ya yale mapigo katika nzi wa nyumbani: yalikuwa ya msuli wa jicho. Kumbe ile haikuwa sauti ya fikra za nzi, bali amri za kukaza msuli, zikipelekwa mfululizo.

Mwaka huohuo na katika mji huohuo, Nicolas Franceschini na Kuno Kirschfeld walieleza jambo jingine lililokuja kufaa baadaye. Walionyesha kwamba ukimtazama nzi wa matunda aliye hai kwa darubini, ukaishusha mahali panapofaa ndani ya jicho, waweza kuziona ncha za zile chembe zipokeazo nuru, zimepangika kama nukta chache zilizokaribiana. Hivyo ikapatikana njia ya kuchungulia retina ya nzi bila kumpasua. Nukta zile zikisogea, wajua retina imesogea.

Lakini, ndugu msomaji, kuona jembe limeegemezwa ukutani si kujua shamba linalolimwa nalo. Msuli ulikuwa umeonekana. Kazi yake ilikuwa bado kuelezwa vizuri. Huko Marseille, Ufaransa, Franceschini na wenzake waliendelea kuuchunguza, na mwishoni mwa miaka ya 1990 walitengeneza chombo kidogo cha kuruka chenye jicho litikisikalo, kwa mfano wa jicho la nzi. Hata hivyo katika mafundisho ya kawaida lilibaki lile neno la zamani kwamba macho ya wadudu hayasogei.

NZI AFANYA YALE YALE MATATU

Habari kubwa ilitoka mwaka 2022. Lisa Fenk, Gaby Maimon na wenzao, waliokuwa wakifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya nzi wa matunda. Walimshika nzi kichwa kwa uangalifu kisigeuke, wakamwonyesha picha mbele yake, huku wakitazama retina zake.

Walipozisogeza picha, retina zilizifuata taratibu, kama macho ya msafiri yanavyofuata mti akiwa ndani ya basi. Faida yake ni kwamba picha yatulia juu ya retina, haifanyi ukungu.

Walipoziacha picha zimetulia, retina hazikutulia. Zilirukaruka kidogo kidogo, kama macho yetu yafanyavyo mbele ya taa. Nao walipima chembe za fahamu katika ubongo wa nzi, wakaona kwamba hata mruko ulio mdogo kabisa uliziamsha. Tena waliona kwamba retina ikihama, upande unaotazamwa na chembe hizo wahama pamoja nayo. Basi mruko huo si tetemeko la bure; habari yake yafika ubongoni.

Tena walimfanya nzi atembee mahali penye mapengo ya kuvuka, kichwa chake kikiwa kimeshikwa vilevile. Alipokuwa akivuka pengo, retina zake mbili zilisogeleana, kama macho ya mtoto atazamaye kidole kinachokuja puani! Wachunguzi hao waliona kwamba huenda jambo hilo lamsaidia nzi kukadiria umbali wa ng'ambo. Nao hawakuishia hapo. Walichukua nzi wengine, wakaipunguzia nguvu mishipa ya fahamu iendeshayo misuli ya retina, wakawaacha watembee kwa uhuru wao. Nzi hao walipofika penye pengo walivuka kwa njia iliyo tofauti na ya wenzao wazima. Kwa hiyo misuli hii midogo ina kazi ya kweli katika maisha ya nzi.

Tazama basi: mtu na nzi wameachana mbali sana katika maumbile. Sisi tuna jicho moja la mviringo lizungukalo katika tundu lake. Yeye ana mamia au maelfu ya vijicho vilivyogandamana. Sisi twazungusha jicho zima. Yeye avuta retina peke yake na kuacha lenzi zimetulia. Hata hivyo wote wawili wafuata, waruka kidogo, na kusogeza macho pamoja. Ni kama watu wa vijiji viwili wasiojuana, kila kijiji kimechimba njia yake, na njia zote mbili zimefika kisima kimoja.

JICHO LISILOSOGEA HALIONI

Kwa nini jicho lihangaike hivyo? Mwaka 1952 Waingereza wawili, Ditchburn na Ginsborg, walifanya jaribio juu ya macho ya watu. Walitumia lenzi ivaliwayo jichoni, iliyofungiwa kioo kidogo, wakapanga picha kwa namna ambayo jicho likisogea picha nayo husogea sawasawa nalo. Hivyo kwa upande wa retina picha ilikuwa kama imepigwa msumari. Matokeo yake? Baada ya muda mfupi tu mtu yule aliona picha inafifia na kutoweka, kisha yarudi, kisha yafifia tena, ingawa macho yake yalikuwa mazima na wazi kabisa.

Chembe za jicho zaamshwa hasa na mabadiliko. Kitu kisichobadilika huzizoea, nazo huzizima habari zake. Ni kama nguo uliyoivaa asubuhi: kufika mchana huisikii tena mwilini mpaka ujisogeze. Ndiyo sababu kutazama si kupokea tu, kama chungu kipokeavyo maji ya mvua. Kutazama ni kazi. Jicho hutafuta, hushika, huachia, hutafuta tena.

Na kwa nzi, ambaye picha yake ina nukta chache, twaweza kuona faida nyingine. Mtu achunguliaye kwa tundu dogo la ukuta huona kidogo. Lakini akisogezasogeza kichwa huona zaidi kwa tundu lilelile.

YATUHUSU NINI NYUMBANI?

Huenda mama mmoja atauliza: "Haya yote yanisaidia nini mimi niliye jikoni na nzi wangu?" Swali ni jema.

Kwanza, tujue twapigana na nani. Macho ya nzi huona upesi kupita yetu. Taa iwakayo na kuzimika mara 60 kwa sekunde, sisi twaiona kama nuru moja isiyokatika. Nzi wengine waweza kutenganisha miwako zaidi ya 200 kwa sekunde. Tena, mwaka 2008 Gwyneth Card na Michael Dickinson, huko California, walieleza walivyomwona nzi wa matunda katika picha za kasi: kabla ya kuruka hujipanga kwanza miguu na mwili, ili aruke kuikimbia hatari itokako upande ule. Basi ukipiga pale alipo, umechelewa. Afadhali ulenge mbele kidogo, kule atakakokimbilia. Lakini kwa kofi, hata lililolengwa vizuri, hutawamaliza.

Pili, kuyajua macho ya adui ni silaha. Mahali penye mbung'o watu hutundika mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi, kwa kuwa mbung'o huvutwa na rangi hizo. Huo ni ushindi wa wale waliojiuliza mdudu aonaje.

Tatu, na hili ndilo kubwa, nzi aliye hodari kwa macho yake mwenyewe ni hatari kwa macho ya watoto wetu. Wako nzi wapendao kunywa machozi na usaha wa macho, nao hubeba ugonjwa wa trakoma, ambao wengi huuita vikope. Mtoto augua, apona, augua tena, mpaka ukope wa juu waingia makovu na kujikunja ndani. Hapo nywele za kope hukwaruza jicho kila anapopepesa, na mwisho wake ni upofu. Nzi hao huzaliana hasa katika kinyesi cha watu kilichoachwa wazi. Katika vijiji vya Gambia uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba palipopunguzwa nzi, wagonjwa wapya wa trakoma walikuwa pungufu kwa asilimia 75 kuliko mahali ambapo nzi waliachwa. Na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba nchi hiyo imeiondoa trakoma isiwe tena tatizo la afya ya umma.

Kwa hiyo, baba, choo kichimbwe na tundu lake lifunikwe. Mama, chakula kifunikwe kawa, na takataka zifukiwe mbali na mlango. Nanyi wakubwa kwa wadogo, msimwache nzi atulie machoni pa mtoto kwa kusema amezoea. Mtoto aliyezoea nzi machoni ni mtoto aliye hatarini.

Jioni ya leo, watoto wakikusanyika kwenye taa, wafanyieni lile jaribio la kidole na pua. Watacheka sana kuona macho ya mwenzao yanasogeleana. Waelezeni kwamba hata nzi mdogo wa ndizi hufanya vivyo hivyo, ndani, mahali pasipoonekana. Kisha, kabla hawajalala, kila mmoja apewe maji safi anawe uso.